Mkristo na sanduku la kura: tusimsingizie Yesu

Mlutheri wa Kiboriloni

Bwana Yesu asifiwe. Wakatoliki, Tumsifu Yesu Kristo. Msio wa huku wala kule, habari zenu.

Wiki iliyopita nilimsindikiza shemeji yangu steshenari hapa Moshi mjini kutoa kopi. Saccos yao haipokei fomu ya mkopo bila nakala ya kitambulisho, na cha taifa chake hakijatoka, ana namba tu kwenye karatasi. Akafungua waleti, akachomoa kadi ya mpiga kura. Inang'aa kama imetolewa jana. Binti wa steshenari ni jirani yao. Akailaza kwenye mashine, akafunika, akauliza bila hata kumtazama: "Baba, si ninyi mnaosema Mkristo asipige kura?"

Shemeji akajibu papo hapo: "Kadi ni ya Kaisari. Kura ni ya moyo."

Tulicheka wote watatu. Njiani nikamwambia, shemeji, jibu lako ni tamu mno, ndiyo maana silisadiki. Tukabishana hadi ndani ya daladala, kondakta akatuomba tupunguze sauti. Yeye anasali kwenye ushirika mdogo unaokutana nyumbani kwa mtu, na wanafundishwa kwamba raia wa mbinguni hana shughuli na masanduku ya duniani. Mimi ni mzee wa kanisa, na tangu 1995 hadi 2020 sikukosa kituoni hata mara moja. Ya 2025 nitaisema chini huko mkinibana.

Naileta kwenu basi. Mkristo apige kura au akae nyumbani? Matusi sitaki. Na mtu asije akaniambia "tuombe tu". Kuomba tunaomba wote.

Ndugu wa Sakina, Arusha

Mzee, shikamoo. Mimi ni wa kambi ya shemeji, kwa hiyo niruhusu niitetee kabla haijazomewa.

Watu hudhani sisi ni wavivu, au tumepotoshwa na mchungaji fulani mwenye suti nyeupe. Msimamo huu ni wa siku nyingi. Mwaka 1527, mahali paitwapo Schleitheim huko Uswisi, Waanabaptisti, wale waliobatiza watu wazima tu, waliandika kwamba Mkristo hapaswi kushika cheo cha utawala, kwa sababu Bwana walipotaka kumfanya mfalme alikimbia (Yohana 6:15). Michael Sattler, anayehesabiwa kuwa mwandishi wake, aliuawa mwaka huo huo. Kanisa la Mennonite lililoanza Shirati mwaka 1934 ni mjukuu wa watu hao. Sisemi wao leo hawapigi kura, nasema tu kwamba mizizi ipo.

Maandiko mnayajua. "Ufalme wangu sio wa ulimwengu huu" (Yohana 18:36). Na Israeli walipodai mfalme kama mataifa mengine, Mungu alimwambia Samweli kwamba hawakumkataa yeye Samweli, wamemkataa Mungu. Kila mara nikisikia "tunataka kiongozi wetu", hiyo 1 Samweli 8 inanigonga kichwani.

Halafu najua mtaniletea Mathiya wa Matendo 1, kwamba mitume nao walipiga kura. Hapo Kiswahili kimetuponza. Neno kura kwetu ni moja, lakini kura ya Mathiya ni ile ya kumwachia Mungu aamue, kama ya kugawana viwanja. Haikuwa ya kuhesabu vichwa. Mkiishikilia hiyo, shikilieni na ile nyingine: askari nao walipiga kura chini ya msalaba, wakigombea vazi.

La mwisho. Naishi Arusha. Pale kwenye kituo cha mikutano cha AICC ndipo ilipokaa mahakama ya mauaji ya kimbari ya Rwanda mpaka 2015. Nchi ile ilikuwa imejaa Wakristo. Padri Athanase Seromba, ambaye kanisa lake la Nyange liliangushwa kwa tingatinga juu ya waumini waliokimbilia humo, alipewa kifungo cha maisha hapa hapa mwaka 2008 baada ya rufani. Kanisa likishaizoea meza ya wakubwa, siku ya kusema hapana ulimi unakuwa mzito. Heri nikae mbali mapema.

Mama wa Mbuyuni

Ndugu wa Sakina umesoma, hongera. Mimi nauza mshare na ndizi ng'ombe sokoni Mbuyuni, nitasema ninachokijua.

Mnaongea habari za rais tu. Rais sijawahi kumwona zaidi ya msafara. Ninayemwona ni mwenyekiti wa mtaa. Mume wangu alipofariki, mashemeji walikuja wanapima kiwanja kwa hatua za miguu na tanga halijaanuliwa. Nikaambiwa nifungue mirathi mahakama ya mwanzo: cheti cha kifo, muhtasari wa kikao cha ukoo, na barua ya serikali ya mtaa. Hiyo barua nimeifuata mara tatu. Mara ya kwanza muhuri uko nyumbani. Mara ya pili wino umekauka. Mara ya tatu akaniambia, "Mama, na mimi nakunywa soda." Nikampa ya soda. Nililia njia nzima, si kwa ajili ya hela.

Sasa sikilizeni. Huyo mwenyekiti alichaguliwa Desemba 2014, siku ya Jumapili. Mimi na akina mama wenzangu siku hiyo tulikuwa kwenye semina ya neno la Mungu kutwa nzima, na mwalimu alitusifu kwamba tumechagua fungu lililo jema kama Mariamu. Sikumpigia kura yule bwana, kweli. Ila hata yule mwenzake aliyegombea naye, aliyekuwa mstaarabu, sikumpigia.

Ndugu, ukifiwa, hiyo barua utaiandikiwa na nani? Malaika hana muhuri.

Katekista mstaafu, Kibosho

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwetu Wakatoliki jambo hili halina utata mkubwa kama mnavyolifanya. Katekisimu ya Kanisa, namba 2240, inaweka mambo matatu kwenye kapu moja: kulipa kodi, kupiga kura, kuilinda nchi. Ni wajibu wa dhamiri. Padri hagombei, hilo lina sheria yake. Mlei ndiye mwenye shamba hilo.

Lakini nimeguswa na aliyesema kura ni mambo ya mataifa. Mlima huu tulikuwa na Mamangi, watawala wa jadi wa Wachagga, kila mmoja na kihamba chake cha utawala. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 Wachagga walimchagua Thomas Marealle kwa kura kuwa Mangi Mkuu. Mwaka 1960 wakapiga kura tena, wakakataa cheo kisichobadilishika, wakataka rais wa kuchaguliwa, akapatikana Solomon Eliufoo, mwalimu wa Kilutheri kutoka Machame. Watu wale walitoka misa na ibada wakaenda kupiga kura. Sijasikia aliyeungama kama dhambi.

Ninaloliogopa mimi ni kura ya dhehebu. Mwaka 1995 Mkapa Mkatoliki, Mrema Mkatoliki tena mtu wetu wa Kilimanjaro. Aliyekuwa anatafuta rozari ndipo achague alibaki kichwa kinauma. Mwaka 2015 Magufuli Mkatoliki, Lowassa Mlutheri, na hapo vijiweni nilisikia hesabu za kutia aibu. Katiba ibara ya 20 inakataza chama cha dini. Mioyoni mwetu nako kungewekwa ibara.

Na yule anayesema kanisa likikaribia siasa hunyamaza: Kwaresima ya mwaka 2018 maaskofu wetu Wakatoliki wa TEC walitoa ujumbe, wa KKKT, yaani Walutheri, nao wakatoa wao kabla ya Pasaka, wakazungumzia haki, uchaguzi na hali ya nchi. Ulisomwa makanisani. Hawakunyamaza, na serikali haikufurahi.

Chalii wa Ngarenaro

Shikamooni wazee. Mama wa Mbuyuni pole sana.

Ila aisee, mnaongea kama vile tarehe 29 Oktoba 2025 haijapita. Mnanukuu Samweli na Katekisimu, sijui Mangi. Chama kikuu cha upinzani, Chadema, hakikuwepo kwenye karatasi. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa mahabusu kwa kesi ya uhaini tangu Aprili. Siku ya kura vurugu zikaanza, mtandao ukazimwa nchi nzima, tukakaa siku kadhaa hatujui nani mzima nani hayupo. Mtandao haujarudi vizuri, tume imeshatangaza asilimia 97.66.

Mimi nimeokoka, napiga gitaa kanisani kila Jumapili. Sikwenda kupiga kura, na si kwa sababu ya Yohana 18. Sikwenda kwa sababu sikuona cha kuchagua. Sasa niambieni, mimi ni mwenye dhambi kwa mujibu wa namba 2240?

Msabato wa Usa River

Kwa faida ya wanaotuuliza kila mara: kanisa letu halimkatazi muumini kupiga kura wala halimwambii ampe nani. Shida yetu ingekuwa siku. 1995, 2000, 2010 na 2015 ilikuwa Jumapili. 2005, 2020 na 2025 Jumatano. Kwa uchaguzi mkuu tangu 1995, Jumamosi bado hatujajaribiwa. Sabato njema mapema.

Mlutheri wa Kiboriloni

Nimesoma zote, nimerudia. Nitajibu kwa kuruka ruka.

Ndugu wa Sakina, hiyo ya kura kuwa neno moja imenishinda. Naifuta hoja ya Mathiya, sitaitumia tena hata kwenye semina ya wazee. Ila badala yake chukua Matendo 6: mitume waliwaambia watu wenyewe wachague saba miongoni mwao, wenye kushuhudiwa wema, waangalie chakula cha wajane. Hapo vichwa vilihesabika kwa namna fulani, na jambo lenyewe lilikuwa mgawo wa posho. Mama wa Mbuyuni angeielewa habari hiyo kuliko sisi wote.

Na habari ya kukaa mbali. Mwaka 1951 serikali ya mkoloni iliwahamisha Wameru wa hapo Arusha kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki ili ardhi ipewe walowezi. Nyumba zilichomwa. Wameru wale, wengi wao Walutheri, kura hawakuwa nayo kabisa. Walifanya nini? Walichangishana, wakamtuma Kirilo Japhet, akaenda hadi Umoja wa Mataifa huko New York mwaka 1952. Ardhi haikurudi siku hiyo. Ninachokuuliza ni hiki: kama Mkristo asiye na kura alivuka bahari kutafuta masikio ya watawala, wewe uliyepewa kura ukaiacha kwa jina la Yesu yule yule, mnamfuata Yesu mmoja? Paulo naye alipoona yu karibu kupigwa mijeledi hakusema wenyeji wake uko mbinguni. Alisema yeye ni Mrumi, na baadaye akataka rufani kwa Kaisari.

Sasa Chalii. Wewe ndiye uliyenikosesha usingizi.

Naona tumechanganya vitu viwili tangu mwanzo, na mimi nimechangia. Kuna anayesema "sipigi kwa sababu ni Mkristo", na kuna anayesema "sipigi kwa sababu siuamini uchaguzi huu". Huyu wa pili ana hoja ya siasa. Ni hoja halali, aiseme kwa jina lake, tujadiliane naye kwa ushahidi. Tatizo langu ni yule aliyekasirikia tume, au aliyechoka, au mwenye shamba la kupalilia siku hiyo, kisha anamtanguliza Yesu mbele kama kinga ya mvua. Baada ya Oktoba 2025 nimewasikia wengi wa namna hiyo, ghafla wote ni raia wa mbinguni. Juzi juzi walikuwa kwenye mikutano ya kampeni wamevaa kofia.

Na suala lako si geni. Uchaguzi wa 1958 hadi 1959 ulikuwa na masharti ya ajabu: uwe na elimu ya darasa la nane au mapato ya pauni 150 kwa mwaka na mengineyo, halafu ukifika kituoni umpigie Mwafrika, Mzungu na Mwasia, mmoja mmoja, ndiyo kura tatu. TANU, chama kilichodai uhuru, wakakutana Tabora Januari 1958. Wengi walitaka kususa. Nyerere, Mkatoliki wa kwenda misa, akawashawishi waingie hivyo hivyo. Zuberi Mtemvu akakataa, akatoka, akaanzisha chama chake, ANC ya Tanganyika. Wote wawili walijenga hoja zao kwa siasa, wakawekana sawa kwa siasa. Walioingia walishinda.

Chalii wa Ngarenaro

Mzee nakuheshimu sana. Tofauti moja tu na 1958: mkoloni alihesabu.

Mlutheri wa Kiboriloni

Hapo umenikaba, na sina namna ya kujinasua.

Nilisema nitasema ya 2025. Nilikwenda. Nilifika kituoni, shule ile ile ya msingi, saa mbili asubuhi. Nakumbuka 2015 ilikuwa Jumapili: tulitoka ibada ya kwanza, kwaya nzima imepanga foleni na sare zake za zambarau, Waislamu wa mtaani wanatutania tuimbe. Nilipigwa wino kidole kidogo, nikarudi ibada ya pili kwa sababu nilikuwa zamu ya kuhudumu. Ilikuwa Meza ya Bwana. Nimeshika kikombe, wino unaonekana, nikajiona nimekamilika siku hiyo, sijui niseme vipi. Safari hii nilisimama na watu wachache, wengi wa umri wangu, hakuna aliyemtania mwenzake. Nimepewa karatasi, nimeingia nyuma ya kibanda, nimesimama pale muda mrefu kuliko kawaida. Nilichoandika ni siri yangu na Mungu.

Kwa hiyo sikuiti mwenye dhambi, mwanangu. Sisi Walutheri tuna mafundisho ya tawala mbili, kwamba Mungu anatawala kwa neno upande mmoja na kwa sheria upande wa pili. Sijaona popote palipoandikwa kwamba ule upande wa pili ukiharibika tujifanye ni mzima.

Ndugu wa Sakina, Arusha

Mzee, hapo umeongea kama mtu, si kama mzee wa kanisa. Samahani kwa utani.

Nakujibu la Kirilo kwa heshima. Alikwenda kudai haki ya watu walioonewa, hilo hata sisi tunalikubali. Kumwambia Kaisari ukweli si sawa na kumchagua Kaisari. Najua pia mtaniletea Yeremia 29, "kautakieni amani mji ule". Mji wenyewe ulikuwa Babeli, na mateka hawakupiga kura. Walijenga nyumba, walipanda bustani, waliomba.

Ila la "kinga ya mvua" nimelipokea. Hata kwetu wapo. Kuna ndugu hajawahi kukosa mpira siku ya uchaguzi.

Mlutheri wa Kiboriloni

Basi nikuulize swali la mwisho, la binti wa steshenari. Sattler wako alikataa cheo cha utawala akauawa. Wewe kukataa kwako kunakugharimu nini? Maana nikiona mtu amekataa kura, lakini kadi anaitumia Saccos, barua ya mwenyekiti anaitaka, maji ya bomba yakikatika yeye ndiye wa kwanza kupiga simu, nashindwa kujua huo ni ushuhuda wa nini.

Ndugu wa Sakina, Arusha

Kadi sina. Sikujiandikisha kabisa. Nilikosa kazi ya muda ya msimamizi wa kituo, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo, maana ada ya mtoto ilikuwa inasubiri hela hiyo. Siku ya uchaguzi huwa tunafunga, jioni tunapeleka uji na sabuni hospitali. 2025 hatukuweza kutoka.

Si gharama kubwa. Lakini ipo. Mwambie shemeji kadi airudishe au aende akaitumie.

Mama wa Mbuyuni

Ya serikali za mitaa ni kila miaka mitano, iliyopita ni Novemba 2024. Daftari lake ni tofauti na lile la kudumu, linaandikishwa upya mtaani kila uchaguzi, kwa hiyo hata ukiwa na kadi inayong'aa kama ya shemeji huku hujajiandikisha mtaani, hupigi. Wengi waliikosa kwa sababu hiyo hiyo, si kwa Samweli wala Yohana.

Mie niliandika jina. Na yule wa soda hakurudi, ingawa sisemi ni kwa sababu yangu. Aliyepo sasa muhuri anatembea nao mfukoni. Hayo mengine bado namtazama.

Katekista mstaafu, Kibosho

Mama, huyo wa muhuri mfukoni naye mwangalie kwa jicho la pili. Muhuri unatakiwa ukae ofisini.

Mlutheri wa Kiboriloni

Shemeji nimemsomea yote jana jioni, mbege ikiwa mezani (yeye hanywi, alikunywa chai). Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema Ndugu wa Sakina ameitetea kambi vizuri kuliko wanavyofundishwa wao, na akaomba nimtafutie huyo Sattler kwa Kiswahili kama yupo.

Nikamuuliza, na kadi je? Akapapasa waleti, akairudisha mfukoni. "Mkopo bado haujatoka," akasema.